Maswali ya Wasomaji: Kamera Inayostahimili Mvua na Lenzi Pana ya Kupigia Picha Nje

Barua zilizotufikia safari hii zimegawanyika mafungu mawili. Baadhi ya wasomaji wanauliza ni kamera gani itakayohimili mvua, vumbi na misukosuko ya njiani. Wengine wanauliza ni lenzi pana ipi inayofaa kwa picha za mandhari. Nimeyachanganya mafungu hayo kwa makusudi, kwa kuwa naamini ni swali moja lenye milango miwili. Lenzi pana haizai picha yenye nguvu mpaka mpiga picha akisogelee kitu anachokipiga, na anayelisogelea wimbi, poromoko la maji au kundi la wanyama linalotimua vumbi ndiye ambaye vifaa vyake hulowa na kuchafuka kuliko vya mwenzake aliyesimama mbali na lenzi ndefu. Anayechagua upana wa lenzi anachagua pia, ajue asijue, kiasi cha maji kitakachomwangukia.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninapiga picha za misitu, na huko mvua hunyesha bila kubisha hodi. Nimesoma maelezo ya kamera tatu, na zote zinadai kuwa na kinga dhidi ya hali ya hewa, lakini hakuna inayoeleza kinga hiyo inafika wapi. Je, maneno hayo yana maana, au ni pambo la kuuzia?

JIBU: Ndugu msomaji, maneno hayo yana maana, ila hayana kipimo. Kila kampuni huyatumia kwa namna yake: moja inaweza kuwa imeweka mpira wa kuzibia kwenye kila kitufe, kila kiungo na kila mlango wa bodi (mwili wa kamera bila lenzi), na nyingine ikawa imeuweka kwenye mlango wa betri na wa kadi tu, kisha zote mbili zikaandika sentensi ile ile. Kipimo chenye namba kipo, nacho ni alama ya IP inayotokana na kiwango cha kimataifa kiitwacho IEC 60529. Herufi hizo hufuatwa na tarakimu mbili. Ya kwanza inahusu vitu vigumu na huishia 6: tarakimu 5 maana yake vumbi linaweza kupenya kidogo bila kukwamisha kazi ya kifaa, na 6 maana yake haliingii kabisa. Ya pili inahusu maji: 3 ni manyunyu yanayokuja kwa mwinamo wa hadi nyuzi 60 kutoka wima, 4 ni maji yanayoruka kutoka upande wowote, 7 ni kuzamishwa hadi kina cha mita 1 kwa dakika 30, na 8 ni kuzamishwa zaidi ya hapo, kwa kina na muda ambao mtengenezaji mwenyewe huutaja. Ukiona X mahali pa tarakimu, jua kwamba upande huo haukutolewa kipimo.

Kamera za kubadilisha lenzi zinazothubutu kutaja namba ni chache. Leica SL2 ya mwaka 2019 ilitangazwa kuwa na IP54, na OM-1 ya OM System, iliyotoka mwaka 2022, ina IP53. Tazama vizuri tarakimu ya pili katika zote mbili. Hizi ni miongoni mwa kamera zenye kinga bora, na bado ziko mbali na 7. Zimeandaliwa kunyeshewa, hazikuandaliwa kuangukia mtoni. Tena kinga hiyo husimama pale tu bodi inapofungwa pamoja na lenzi iliyozibwa vilevile, kwa sababu mahali bodi na lenzi zinapokutana ndipo penye mwanya mkubwa kuliko yote.

Pale ambapo hakuna namba, macho yako ndiyo yatakayofanya kazi. Igeuze lenzi, utazame pete ya chuma inayoingia kwenye bodi: kama imezungukwa na ukanda mwembamba wa mpira, mtengenezaji alifikiria maji, kama hauna, hakuyafikiria, hata tangazo liseme nini. Fungua kila mlango wa bodi na utafute mpira ukingoni mwake. Kisha zungusha zumu. Lenzi inayorefuka na kufupika huvuta hewa ndani na kuitoa, na hewa ya nje haiji peke yake, bali huja na unyevu na vumbi. Lenzi ambayo vioo vyake husogea ndani kwa ndani, bila umbo la nje kubadilika, ina viungo vichache vya kulindwa. Usiache kusoma kitabu cha maelekezo. Kitabu cha Canon EF 17-40mm f/4L, lenzi iliyotumiwa na wapiga picha wengi wa mandhari kwa miaka mingi, kinasema waziwazi kwamba kinga yake dhidi ya maji na vumbi haikamiliki mpaka mtumiaji afunge filta, yaani kioo cha ziada, mbele. Wako walioitumia miaka nenda miaka rudi bila kuusoma mstari huo.

Nitaongeza jambo ambalo nimelijua kwa kulipia. Kamera yangu moja iliyokuwa na kinga nzuri ilikufa kwenye mvua ndogo tu, mvua ambayo ilikuwa imeshaivumilia mara nyingi. Siku hiyo nilikuwa naichaji kwa waya huku nikiendelea kupiga picha, na kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kilikuwa wazi. Fundi alipoifungua alikuta kutu ya kijani ikianzia hapo hapo, na kila mpira mwingine ulikuwa mzima. Tangu siku hiyo nachaji betri nje ya kamera, na kabla ya kutoka napapasa vifuniko vyote kwa kidole. Kumbuka pia kwamba mpira huzeeka: hukakamaa, hupasuka, na punje moja ya mchanga ukingoni mwake hutosha kuacha njia. Na kabla ya kulipa, soma waranti, kwa maana waranti nyingi hazifidii madhara ya maji hata kwa kamera iliyotangazwa kwa picha ya matone yanayoiteleza.

SWALI: Nina kamera yenye kihisi (kipande kinachonasa mwanga wa picha) cha ukubwa uitwao APS-C, na ninataka lenzi pana kwa ajili ya milima na maziwa. Nimeazima lenzi ya rafiki mara mbili, na mara zote mbili milima imetoka midogo kama vichuguu, na nusu ya picha ni majani matupu. Je, tatizo ni lenzi, au nichague milimita nyingine?

JIBU: Ndugu msomaji, nakushukuru kwa kuyaeleza makosa yako kwa uwazi, kwani ndiyo makosa ambayo karibu kila mmoja wetu huanza nayo. Tulinunua lenzi pana kwa imani kwamba inatusaidia kuingiza vitu vingi. Ni kweli inaingiza vingi, lakini kila kinachoingia hupunguzwa, na kilicho mbali hupunguzwa kuliko kilicho karibu. Mlima ulio kilomita kumi mbele yako hauna la kufanya mbele ya lenzi hiyo ila kunywea. Ukitaka mlima uwe mkubwa, tumia lenzi ndefu. Ukitaka mtazamaji ajione amesimama pale uliposimama wewe, tumia lenzi pana, lakini umpe kitu cha karibu: jiwe lenye ukoga, ua, mzizi, ukingo wa maji, kiwe hatua moja tu kutoka kwenye lenzi, si hatua kumi. Shusha kamera mpaka usawa wa goti. Majani matupu uliyoyaona nusu ya picha yalitokana na kusimama wima ukipiga kutoka usawa wa macho, mahali ambapo ardhi ya mbele haina cha kusema.

Sasa tuje kwenye milimita, yaani urefu wa fokasi: zikipungua, lenzi huona upana zaidi. Kwa kihisi cha fulu fremu, ambacho ni milimita 36 kwa 24, lenzi ya 50mm huona pembe ya nyuzi 47 hivi kutoka kona hadi kona; ya 35mm huona 63, ya 24mm huona 84, ya 20mm huona 94, ya 16mm huona 107 na ya 14mm huona 114. Angalia jinsi kila milimita inavyozidi kuwa na uzito kadiri unavyoshuka: kati ya 70mm na 72mm hutaona tofauti, lakini kati ya 16mm na 14mm ni nyuzi saba nzima. Kihisi chako cha APS-C hukata kingo, kwa hiyo zidisha namba ya lenzi kwa 1.5, au 1.6 kama bodi ni ya Canon. 16mm kwako ni kama 24mm, na 10mm ni kama 15mm. Wenye Micro Four Thirds, kihisi kidogo zaidi, wazidishe kwa 2. Kwa maoni yangu, lenzi ya kwanza iwe ile inayokupa upana ulio kati ya 20mm na 24mm kwa hesabu ya fulu fremu, yaani 13mm hadi 16mm kwako. Hapo upana unasikika bila kona kuvutwa, na mtu aliyesimama pembeni mwa picha bado ana kichwa cha binadamu. Lenzi za 12mm na kushuka ni chombo cha mahali pafinyu, kama mapango, makorongo na chini ya matawi, na asiyezoea kusogea karibu hazitamfundisha. Zitamzidishia majani matupu.

Kuhusu f/2.8 na f/4, namba za tundu la lenzi (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana zaidi), usikubali kubebeshwa mzigo bila sababu. Picha nyingi za mandhari hupigwa kwa f/8 au f/11, na huko lenzi zote mbili huwa sawasawa. Canon RF 15-35mm f/2.8 ina gramu 840, wakati RF 14-35mm f/4 ina gramu 540. Gramu 300 hizo ni chupa ndogo ya maji, na mpandaji wa milima anajua thamani yake. Uwazi mkubwa wa tundu unakuwa na maana kwa anayepiga nyota, kwa sababu dunia inazunguka na nyota huanza kuchora mistari ukizidisha muda. Kanuni ya zamani ni kugawanya 500 kwa milimita za lenzi kwa hesabu ya fulu fremu: kwa 20mm unapata sekunde 25. Kanuni hiyo ilizaliwa enzi za filamu. Kwa vihisi vya leo vyenye megapikseli nyingi mimi hupunguza theluthi na wakati mwingine nusu, na hapo ndipo f/1.8 au f/2.8 inapolipa gharama yake.

Zawadi nyingine ya lenzi pana ni kina cha uwazi. Kwa fulu fremu, lenzi ya 16mm iliyowekwa f/8 na kufokasiwa kwenye umbali wa mita 1.1 hivi huonyesha wazi kila kitu kuanzia kama sentimita 55 mpaka upeo wa macho. Kwa 24mm umbali huo ni mita 2.4, na uwazi huanzia mita 1.2. Hesabu hizi zimewekwa kwa picha ya ukubwa wa kawaida, na anayekusudia kuchapa picha ya kujaza ukuta afokasi mbele zaidi kidogo, kwa maana milima ya mbali huwa ndiyo ya kwanza kulegea. Usikimbilie f/22 ukidhani utapata zaidi. Mwanga unaopenya tundu dogo sana hutawanyika, na picha nzima hupoteza makali.

SWALI: Je, kila lenzi pana inakubali filta? Na je, ni kweli kwamba filta ya polarizi, ile inayopunguza mng'ao, huharibu anga?

JIBU: Si kila moja. Lenzi pana sana huwa na kioo cha mbele kilichovimba kama jicho la chura, na hakuna uzi wa kufungia filta. Nikon 14-24mm f/2.8G ya mwaka 2007 ni mfano wake mashuhuri. Anayeitaka filta kwenye lenzi ya aina hiyo hulazimika kubeba fremu kubwa na vioo vya mraba, ambavyo upepo na matone havivionei huruma. Miaka ya karibuni watengenezaji wamelishughulikia jambo hili, na Nikon Z 14-30mm f/4 S hufunga filta ya kawaida ya milimita 82. Kwa mpiga picha wa nje naliona jambo hili kuwa zito kuliko milimita moja au mbili za upana, kwa sababu filta safi ya kinga ni kitu unachoweza kukifuta mchanga bila moyo kudunda, na kioo kilichovimba hakikupi nafasi hiyo.

Kuhusu polarizi, ni kweli kwa sehemu. Filta hiyo hukoleza anga zaidi kwenye upande ulio nyuzi 90 kutoka jua, na kwa kuwa lenzi ya 16mm huona karibu nyuzi 97 kwa upana, picha moja huchukua anga iliyokolea na isiyokolea kwa pamoja, na katikati hutokea doa jeusi la bluu ambalo hakuna programu inayolifuta vizuri. Lakini usiiache nyumbani. Msituni baada ya mvua, na kwenye mawe ya mto, hakuna kinachoondoa mng'ao mweupe juu ya majani yaliyolowa isipokuwa filta hiyo, na huko anga mara nyingi haimo kwenye picha kabisa. Kama unapenda maji yaonekane kama hariri, chukua pia filta nyeusi ya stopu 10 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), ambayo hugeuza muda wa 1/30 ya sekunde kuwa nusu dakika na zaidi kidogo.

SWALI: Ninasafiri kwa mtumbwi mdogo na ninaogelea. Je, ninunue kamera ndogo isiyoingia maji, au kasha la kuzamia kwa kamera yangu kubwa?

JIBU: Ndugu msomaji, kwa mtu anayekaa kwenye mtumbwi ningeanza na kamera ndogo. OM System TG-7 ya mwaka 2023 huzama hadi mita 15 bila kasha, huhimili kuanguka kutoka mita 2.1, kukandamizwa kwa uzito wa kilo 100 na baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri. Lenzi yake huanzia upana wa 25mm kwa hesabu ya fulu fremu. Udhaifu wake ni kihisi kidogo, na jua likizama utauona: vivuli hujaa chembechembe. Kamera za GoPro, ambazo nyingi tangu HERO5 ya mwaka 2016 huingia maji hadi mita 10 bila kasha, ni pana zaidi, lakini zilibuniwa kwanza kwa ajili ya video.

Kasha la kuzamia lina thamani yake kwa anayepiga picha chini ya maji kila mara, na hapo ndipo upana wa lenzi unapodhihirisha kazi yake. Maji hunywa rangi, nyekundu kwanza, na chembe zinazoelea hufifisha kila kitu, kwa hiyo dawa pekee ni kupunguza maji yaliyo kati ya lenzi na samaki. Lenzi pana ndiyo inayokuruhusu kumsogelea mpaka kukaribia kumgusa na bado akaenea kwenye picha. Fahamu pia kwamba dirisha bapa la kasha hukuza vitu kwa takriban theluthi moja na hivyo hula upana ulioulipia, na ndiyo sababu wazamiaji hutumia dirisha lenye umbo la kuba. Watu walilijua hili mapema. Kamera ya Calypso, iliyobuniwa na mhandisi Mbelgiji Jean de Wouters kwa ushirikiano na mzamiaji Mfaransa Jacques Cousteau, ilichukuliwa na Nikon na kuuzwa kuanzia mwaka 1963 kwa jina la Nikonos. Ilizama bila kasha lolote, na ukoo wake ulidumu mpaka mwaka 2001. Mojawapo ya lenzi zake zilizotamaniwa mno ilikuwa ya 15mm, iliyochongwa kwa ajili ya maji peke yake.

SWALI: Kila ninapotoka kwenye baridi na kuingia nyumbani, lenzi hujaa ukungu. Je, kinga ya mpira haizuii hilo? Na nihifadhi vipi vifaa vikiwa havitumiki?

JIBU: Haizuii, na wakati mwingine huongeza tabu, maana unyevu ulioingia ndani ya bodi iliyozibwa hutoka polepole. Ukungu huo hautoki nje kwa kupenya. Ni mvuke wa hewa ya joto unaogeuka matone unapogusa chuma na kioo vilivyo baridi. Kabla ya kuingia ndani, itie kamera kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, uufunge, kisha uiache humo mpaka ifikie joto la chumba. Matone yatajikusanya juu ya mfuko. Huenda ikachukua saa moja au mbili, kwa hiyo toa kadi ya picha kabla ya kuufunga. Betri za lithiamu nazo hupungukiwa nguvu kwenye baridi, na hurudi zikipata joto, basi ya akiba iweke kwenye mfuko wa ndani karibu na kifua.

Adui wa vifaa vilivyohifadhiwa ni kuvu. Hupenda giza, hewa iliyosimama na unyevu unaozidi asilimia 60, na ikishaota juu ya kioo huacha makovu hata baada ya kusafishwa. Sanduku la plastiki linalofungwa vizuri, silika jeli (punje zinazonyonya unyevu) na kipimo kidogo cha unyevu vinatosha. Lenga asilimia 40 hadi 50, usikaushe kupita hapo, kwa kuwa grisi na mpira wa ndani navyo huhitaji unyevu kidogo. Mikoba ya ngozi na ya kitambaa kizito haifai kwa kuhifadhia, kwani hunyonya unyevu na kuukumbatia.

Baada ya kupiga picha baharini, futa kila kitu kwa kitambaa kilicholowekwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, halafu kwa kikavu. Usisubiri kesho. Chumvi ikikauka hugeuka fuwele, na fuwele hukwaruza kioo na kula mpira. Mchanga upulizwe kwanza kwa pampu ya mkono kabla ya kitambaa chochote kugusa kioo, na lenzi ibadilishwe ukiwa umeupa upepo mgongo, mdomo wa bodi ukitazama chini.

SWALI: Tripodi ya nyuzi za kaboni au ya alumini?

JIBU: Kaboni, kama mfuko unaruhusu na unatembea sana: ni nyepesi, haichomi mikono kwa baridi na hutuliza mtikisiko upesi zaidi. Alumini ni nzito lakini ikigongwa hubonyea, wakati kaboni ikizidiwa hupasuka. Yoyote utakayochukua, iwe na miguu inayopanuka mpaka karibu na ardhi, kwa sababu tumekwisha kuona kwamba lenzi pana huishi usawa wa goti, na viungo vyake viwe vya aina unayoweza kuvifungua na kuvisuuza mchanga wewe mwenyewe.

SWALI: Fedha zangu zinatosha kitu kimoja tu kizuri. Je, ninunue bodi imara na lenzi ya kawaida, au lenzi imara na bodi ya kawaida?

JIBU: Ndugu msomaji, nunua lenzi. Bodi mpya hutoka kila baada ya miaka michache, na ya mwaka huu huonekana ya zamani kabla hujalizoea jina lake. Lenzi nzuri hukaa kwenye begi muongo mzima na zaidi. Ni kweli kwamba lenzi iliyozibwa ikifungwa kwenye bodi isiyozibwa haikupi kinga kamili, lakini kinga ya bodi unaweza kuiongeza kwa vitu vidogo, na ubora wa kioo hauongezeki. Koti la mvua la kamera, au hata mfuko wa plastiki uliotobolewa mahali pa lenzi na kubanwa kwa mpira kwenye hudi (kinga ya jua mbele ya lenzi), umeokoa kamera nyingi kuliko bodi za magnesiamu. Beba vitambaa vitatu vikavu, si kimoja, kwa sababu lenzi pana inayotazama poromoko la maji hulowa kila baada ya picha mbili, na kitambaa kilicholowa hupakaza tu.

Historia nayo iko upande wako. Meli ya Endurance ya msafara wa Ernest Shackleton ilipobanwa na barafu ya Antaktika mwaka 1915, mpiga picha Frank Hurley aliingia kwenye maji yaliyojaa ndani ya meli ili kuokoa negativu zake za kioo, na alizikuta nzima kwa kuwa zilihifadhiwa ndani ya makasha ya chuma yaliyozibwa kwa kulehemu. Kwa sababu ya uzito alilazimika kuchagua 120 hivi na kuzivunja takriban 400, akaziacha kamera zake kubwa, na akaendelea na Kodak ndogo ya mfukoni na filamu tatu tu. Kilichoziokoa picha hizo ni sanduku, pamoja na mtu aliyekuwa tayari kulifuata majini.

Kwa fedha chache ningetafuta lenzi ya kizazi kilichopita, iliyotumika. Ukienda kuitazama, chukua tochi ndogo na kamera yako. Mulika kioo kutoka upande mmoja huku ukitazama kutoka upande wa pili. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi hiyo iache hapo hapo, hata ikiwa bei inakuita. Vumbi kidogo ndani halina neno. Papasa mpira wa pete ya nyuma, uhakikishe haujapasuka wala kulegea. Mwisho, piga picha ukuta wa matofali, kamera ikiwa imeukabili sawasawa na tundu likiwa wazi kabisa, kisha zikuze kona zote nne. Zote zikiwa laini kwa kiasi kimoja, hiyo ni tabia ya lenzi pana na f/8 itaitibu. Kona moja ikiwa imelegea kuliko wenzake, vioo vimehama mahali pake, pengine kwa kuanguka, na hakuna f yoyote itakayovirudisha.